Leo Nimekunja

Mwigizaji aliinua karatasi, akakohoa kidogo, akasoma: "Rafiki yangu mpendwa, leo sina chakula cha kuwapa watoto wangu. Ninaomba msaada wako."

Mpiga picha ndiye aliyeanza kucheka. Akafuata fundi wa sauti, kisha mwigizaji mwenyewe akaiweka karatasi mapajani na kujifunika mdomo kwa kiganja. Mwongozaji wa filamu hakucheka. Alimgeukia binti aliyeyaandika maneno hayo, akamuuliza kwa upole, kama mtu anayeulizia njia:

"Huyu mwanamke anauza mitumba, sivyo? Mbona anaongea kama anasoma taarifa ya habari?"

Binti akasema ataandika upya.

"Wewe si umekulia sokoni? Mama yako si yuko huko mpaka leo? Basi waache waongee wanavyoongea. Mtazamaji akishasikia maneno ya kuazima, hata ukimlilia damu hakuamini."

Binti alikusanya karatasi zake akarudi nyumbani. Hii ilikuwa filamu yake ya kwanza, na alijua kwamba mwongozaji alisema kweli. Alijua pia kosa lilikotoka. Baba yake alikuwa mwalimu wa Kiswahili mpaka alipostaafu, na mezani kwake mtu hakuruhusiwa kuomba chumvi kwa sentensi mbovu. Lakini kabla hajaanza shule, mtoto huyu alishinda chini ya meza ya mama yake sokoni, kwenye safu ya nguo za mitumba, akiokota kila neno lililodondoka. Wanawake wa safu ile walimwita Kasuku, na mama yake akawa Mama Kasuku.

Basi alikaa mezani, baba yake amesinzia kitini na gazeti kifuani, akaanza kuyaandika maneno ya safu ile. Mteja aliyeipenda nguo kiasi kwamba atalipa bei yoyote alikuwa bibi harusi. Mteja anayefunua kila kitu asinunue chochote alikuwa pazia. Watoza ushuru walikuwa mvua. "Mvua hiyo, anueni," mmoja alisema, na zile nguo zilizotandazwa nje ya mpaka zilitoweka kabla kofia ya kwanza haijaonekana. Kasuku aliandika huku akitabasamu. Watu wake walianza kupumua kwenye karatasi.

Kisha akafika kwa yule mwanamke asiye na chakula. Neno lake lilikuwepo. Kwenye safu ile, mtu ambaye jikoni kwake hakukuwa na kitu hakuomba wala hakulia. Alikunja nguo, kama walivyokuwa wakikunja kutwa nzima, akasema bila kuinua macho, "Leo nimekunja." Mteja aliyesimama pale hakusikia kitu cha ajabu, kila mtu anakunja. Lakini kabla ya jioni mkononi mwa yule mtu kungekuwa na kifurushi, na ndani ya kifurushi unga au mchele, na hakuna aliyemwangalia usoni alipokipokea.

Aliliandika. Akalifuta. Akasikia tena wale watu wakimcheka mwigizaji, akaliandika.

*

Siku ya kupiga picha, mwigizaji alikunja shati, akasema, "Leo nimekunja," na hakuna aliyecheka. Fundi wa sauti alivua vipokea sauti vya masikioni akakaa navyo mkononi. Mwongozaji alimshika Kasuku bega, na Kasuku aliona kwamba kazi yake imekuwa kazi.

Lakini kwenye filamu kulikuwa na mlinzi wa soko, mchekeshaji, na mchekeshaji huyo hakupenda kukaa bila kuchekesha. Baada ya mwanamke kupita, akaongeza la kwake kutoka kichwani. Alijipapasa tumbo, akamwita muuza chai, akasema, "Dada, na mimi nimekunja. Nikunjue." Watu wote wakaangua kicheko.

"Hilo neno si la mzaha," Kasuku alimwambia mwongozaji pembeni.

"Baada ya machozi watu wanataka kupumua. Tutaliangalia wakati wa kuhariri."

"Sawa," Kasuku akasema.

*

Filamu ilipokamilika, Mama Kasuku alialika safu nzima. Alivaa gauni la harusi za watu, akaketi mstari wa tatu, kulia kwake mumewe, kushoto kwake Mama Soksi, ambaye meza yake ya soksi na chupi za watoto iligusana na yake. Mama Soksi alikuwa mwanamke mwembamba asiyesema sana, mjane mwenye watoto watatu. Nyuma yao alikaa Mwenyekiti wa safu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita wateja kutoka barabara ya pili.

Mwanzoni ilikuwa furaha tupu. Bibi harusi wa kwanza alipotajwa, wanawake walipigana viwiko. "Haki ya nani, ni sisi," Mwenyekiti alisema kwa sauti yake, na watu wakageuka. Mvua ilipotajwa walicheka mpaka Mama Kasuku akafuta macho. Alimwangalia binti yake aliyekaa mbele na waigizaji, akaona shingo imenyooka, akasema moyoni kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na yeye amelea.

Kisha mwanamke wa kwenye filamu akakunja shati, akasema lile neno. Mstari wa tatu ukanyamaza. Mama Soksi aliteremsha macho kwenye mikono yake. Kabla kimya kile hakijatua, mlinzi akajipapasa tumbo, "Nikunjue," na ukumbi wote ukalipuka. Kijana mmoja nyuma alirudia kwa sauti, wakacheka upya. Mlinzi alilisema tena mara kadhaa kabla ya filamu kwisha, na kila mara ukumbi ulikuwa ukimngoja.

Mlangoni Mwenyekiti alimpa Mama Kasuku mkono. "Hongera kwa binti," alisema, akashuka ngazi. Wengine walimfuata. Mama Soksi alisema, "Asante kwa mwaliko, mama," kwa adabu ambayo hawakuwa wakiitumia baina yao.

Mwalimu ndiye pekee aliyeongea njia nzima. Alikuwa na malalamiko yake. "'Nimekunja.' Umekunja nini? Kukunja ni kitenzi elekezi, kinadai yambwa. Mtu hawezi kukunja hivi hivi tu."

"Nyamaza, Mwalimu," mkewe akasema.

"Naeleza tu."

"Umeeleza. Sasa nyamaza."

*

Neno lilitembea kuliko filamu yenyewe. Vijana waliliimba vijiweni. Likachorwa nyuma ya mikokoteni. Wanafunzi waliambiana kwenye foleni ya maji. Sokoni, wateja walikuja nalo mdomoni kama waliokuja na pesa kamili: "Mama, nimekunja, nipunguzie. Nikunjue basi." Wengine walikagua nguo wakisema, "Msinifanye bibi harusi, nimeshaiona filamu." Vijana wa watoza ushuru nao walijifunza, walikuja safuni wakinyoosha viganja juu na kuuliza kama mvua imeanza, kisha wakachukua mizani ya muuza vitunguu wa mwisho wa safu, ambaye hata filamu hakuiona.

Hakuna aliyemgombeza Mama Kasuku. Angegombezwa angejua la kujibu. Ila alipokaribia, mazungumzo yaligeuka kuwa ya hali ya hewa. Birika la chai lilipopitishwa, lilifika kwake limebaki maji ya majani. Siku moja alimwita Mwenyekiti amchenjie noti, na Mwenyekiti akamchenjia bila utani, akahesabu na kumwonyesha, kama anavyomfanyia mtu asiyemjua. Mama Kasuku alirudi kwenye meza yake na ile chenji mkononi, akaishika muda mrefu kabla ya kukumbuka kuiweka.

Nyumbani hakusema. Binti alikuwa akipigiwa simu za pongezi, na mama hakutaka kutia mchanga kwenye kitumbua cha mtoto. Akiulizwa habari za sokoni alijibu, "Tunasukuma."

*

Aliyeanguka alikuwa Mama Soksi. Haikuwa kwa kishindo, alikuwa amesimama akipanga soksi za shule jozi kwa jozi, kisha akaketi juu ya lundo, kisha akalala juu yake, taratibu, kama mtu aliyeona godoro. Mteja alidhani anatania. Mama Kasuku aliruka meza. Alimshika kichwa, akampepea kwa boksi la viatu, akaagiza maji ya sukari. Mama Soksi alipofumbua macho, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuivuta sketi ifunike magoti.

"Umekula nini leo?"

Mama Soksi alizisogeza soksi alizozilalia.

"Jana?"

"Watoto walikula jana," Mama Soksi akasema.

Mama Kasuku alimnywesha. Aliuma meno kabla ya kuuliza, maana alihisi jibu linakotoka. "Na sisi tupo hapa, ukuta kwa ukuta. Kwa nini hukusema?"

"Nilisema juzi. Nilimwambia yule msichana mpya wa mashati, kwa sababu wewe hukuwepo. Nilisema kama tunavyosema siku zote." Mama Soksi alikuwa anaangalia dari la mabati. "Akajipapasa tumbo, akaniambia nikunjue. Na mteja wake akacheka. Msichana hana kosa, mama, alidhani nafanya mchezo. Na mimi nikacheka. Sasa ningesemaje tena? Niseme, rafiki yangu, sina chakula? Mbele za watu?"

Mwenyekiti alikuwa amesimama nyuma yao na bakuli la uji. Alisikia yote. Aliliweka bakuli chini, akarudi alikotoka.

*

Jioni ile Mama Kasuku hakuvua kanga ya kazini. Alikaa kiti cha mkabala na binti yake, aliyekuwa akisoma ujumbe kwenye simu, akamweleza. Hakupandisha sauti. Alieleza kama mtu anayetoa habari za msiba: nani, wapi, alikuwa na hali gani walipomwacha. Mwalimu alikunja gazeti lake katikati ya habari hizo na hakulifungua tena.

Kasuku aliiweka simu mezani. Kisha akasema, "Nilitaka msikike, mama. Kwenye filamu zote mama wa sokoni ni mtu wa kupiga kelele na kugombana. Nilitaka watu wawasikie mlivyo."

"Tumesikika."

"Maneno ya mlinzi sikuyaandika mimi. Nilimwambia mwongozaji."

"Ulimwambiaje?"

Kasuku alifikiri. "Nilimwambia mara moja tu."

"Bibi harusi ungemchukua tu," mama yake akasema. "Pazia, mvua, vyote chukua, tungetunga vingine. Hayo ni maneno ya kuuzia. Lile lingine halikuwa la kuuzia. Ulikaa chini ya meza yangu ukaona vifurushi vinapita juu ya kichwa chako. Hukuwahi kujiuliza kwa nini hatukusema wazi?"

"Nilijua."

"Basi hapo ndipo panaponiuma. Ungekuwa hukujua, ningekueleza yakaisha."

Mwalimu alikohoa. Wote wawili walimgeukia, wakitarajia kitenzi. "Mimi nimeishi na wewe miaka yote hii," akamwambia mkewe, "nikidhani mnakunja nguo."

*

Asubuhi iliyofuata Kasuku alikwenda sokoni. Baba yake alisema atamsindikiza. Alivaa koti na kofia, kama anakwenda kuonana na mkuu wa shule. Kasuku alikuwa amepanga la kusema kwa Mwenyekiti na kwa Mama Soksi, na alikuwa amelipanga vizuri mno.

Hakupewa nafasi. Mwenyekiti alimwona kwa mbali, akasimama, akakunja mikono mbele ya tumbo.

"Habari za asubuhi, ndugu mwandishi," alisema polepole, kila silabi mahali pake. "Karibu katika eneo letu la biashara. Je, ungependa kuketi?"

"Shikamoo, mama. Nimekuja..."

"Marahaba. Hali ya biashara ni ya kuridhisha. Wateja wamekuwa wakifika kwa wingi kiasi."

Mwanamke wa meza ya pili akadakia, uso mkavu, "Tunatarajia hali ya mawingu kiasi hapo mchana." Na wa tatu, "Ndugu mwenzangu, naomba uniazime kibanio chako cha nguo, nitakurejeshea pindi nitakapomaliza kukitumia." Safu nzima iliongea hivyo. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemfukuza. Walimwongelesha kama redio, wakimwangalia machoni, na Kasuku alisimama katikati yao masikio yakimwaka, akijua kila neno, na hakuna lililoweza kumfikisha popote.

"Kiswahili safi sana hiki," Mwalimu akasema kwa sauti ya chini, ameshangaa kwa dhati. Kisha akamwona mwanawe usoni, akaelewa, akavua kofia.

Mama Soksi hakuungana nao. Alikuwa amekaa, bakuli mapajani. Asubuhi ile bakuli lilikuwa limejaa. Kasuku alichutama mbele yake na maneno aliyoyapanga yakamkimbia yote.

"Nisamehe, mama."

Mama Soksi alimtazama. Aliwahi kumfunga nepi mtoto huyu. "Mimi nimeshakusamehe," alisema. "Ila mdomo wangu bado. Ukitaka kusema kitu unajikuta unasikiliza kwanza nani atacheka. Nenda tu kazini kwako, mwanangu."

*

Mwongozaji alimpokea kwa furaha. Alikuwa na habari: sehemu ya pili imepata wafadhili, mlinzi atakuwa mhusika mkuu, na jina la filamu limepatikana bila hata kikao. Aligeuza karatasi iliyokuwa mezani amwonyeshe. Lilikuwa lile la mlinzi, "Nikunjue", limechorwa kwa herufi nyekundu, tumbo likiwa ndani ya herufi ya mwisho.

Kasuku alimweleza habari za Mama Soksi. Mwongozaji alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Alisikitika kweli, akauliza kama mgonjwa amefika hospitali.

"Lakini neno likishatoka ni maji yaliyomwagika," alisema. "Hata tukibadilisha jina leo, watoto wa mtaani watalisema kesho. Halina mwenyewe tena."

"Najua. Sikuombi ulirudishe. Nakuambia mimi siiandiki hiyo."

"Nitamtafuta mwingine."

"Mtafute."

"Kasuku, watu wanakaa miaka wakiomba nafasi kama hii."

"Na mimi niliiomba," akasema. Alipeana naye mkono, akashuka ngazi, na alipofika barabarani mtu wa kwanza aliyempita alikuwa anapiga mluzi wimbo wa tangazo la filamu yake.

Filamu ya pili iliandikwa na mtu mwingine na ilipata watazamaji. Kasuku alipata kazi ya kuandika matangazo mafupi ya redio, sabuni na rangi za nyumba, kwa Kiswahili ambacho baba yake alikisikiliza bila kuinua kichwa. Kila Jumamosi alikwenda sokoni kumsaidia mama yake. Hakualikwa, na Jumamosi ya kwanza hakuna aliyemsemesha ila kwa ile sauti ya redio. Alifungua marobota, akatenga vyenye matundu, akafagia. Jumamosi zikapita. Mwenyekiti alichoka kuongea sanifu; kulimuumiza taya, alisema. Siku moja alimpigia kelele Kasuku kwamba anatundika suruali kama mtu anayetundika bendera nusu mlingoti, na Mama Kasuku, aliyekuwa akitafuta sarafu chini ya meza, alibaki huko chini kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Safu ilikuwa imepata maneno mengine. Kasuku aliona yanapita. Mteja alisifiwa kwa jambo fulani, na bei ikabaki juu. Kitu kilitajwa, na nguo zikarudi ndani ya mpaka. Hakuuliza. Akisikia sauti zinashuka, aliinuka akaenda kuchota maji.

*

Mama Kasuku alipokwenda kliniki kupima presha, alimwachia binti yake meza. Ilikuwa siku ya wateja wengi. Mwanamke mmoja aliyevaa miwani alikuwa ameshika blauzi ya bluu, anaikagua mishono upande wa ndani, na mwenzake anamngoja.

Mama Soksi alisogea mpaka pale meza mbili zinapogusana. Alikuwa na jozi ya soksi mkononi, anaivuta na kuiachia. Alimtafuta kwa macho Mama Kasuku, akakumbuka kwamba hayupo. Mwenyekiti alikuwa mbali, amezungukwa na watu. Msichana wa mashati alikuwa karibu. Mama Soksi alimwangalia msichana wa mashati, kisha akamwangalia Kasuku, na alikaa hivyo mpaka mwanamke wa miwani akahama kutoka mkono wa kwanza wa blauzi hadi wa pili.

Kisha akasema kitu. Kilikuwa kitu cha kawaida kabisa, kitu ambacho yeyote angeweza kumwambia jirani yake sokoni, na alikisema kwa Kasuku, uso ukiwa kwenye soksi.

Hakuna aliyewahi kumfundisha Kasuku maana yake. Alikunja suruali aliyokuwa nayo, akaiweka. Aliinama, akavuta kikapu cha mama yake, ambamo kulikuwa na mchele walionunua asubuhi na mkate wa kwenda nao nyumbani. Alivifunga vyote ndani ya shuka la kitanda lenye maua, akakaza fundo, akavipitisha juu ya meza kwa mikono miwili, kama anavyompa mteja mzigo wake. Hakumwangalia usoni.

"Karibu tena," alisema.

"Asante," Mama Soksi akajibu, akakisukuma kifurushi chini ya meza yake kwa mguu na kuendelea kupanga soksi.

Mwanamke wa miwani aliinua kichwa. "Amenunua shuka huyo? Amesemaje?"

"Ameuliza kama kuna rangi nyingine," Kasuku akasema. "Hiyo bluu inakupendeza, dada. Ijaribu mbele ya kioo."